Mwaka wa Kumtafutia Bamdogo Usingizi

Mwezi uliopita tumemzika Bamdogo Zefania kule Mafinga, na mimi, mtu ambaye kunitoa nyumbani kwangu Iyunga, hapa Mbeya, ni kazi kama kung'oa kisiki, nilipanda basi alfajiri, nikafika, nikazika, nikala wali wa msibani, nikarudi na hasira. Si hasira ya kifo. Bamdogo alikuwa ameishi miaka yake yote na kuikomba sahani. Hasira yangu ni ya maneno. Tulipokuwa tunakula chini ya turubai, kijana mmoja wa ukoo, ambaye mwaka nitakaousimulia alikuwa bado ananyonya, alisimulia kwa sauti kubwa kwamba marehemu aliwahi kuingiwa na pepo la kuchanganyikiwa huko Mbeya baada ya kupasuliwa, akaombewa, likamtoka. Watu wakaitikia amina. Mimi pia niliitikia, maana nilikuwa na kipande cha nyama mdomoni na amina ndilo neno pekee lililoweza kupita pembeni yake. Lakini moyoni nilikuwa nauliza: amina ya nini? Nyinyi wote mlikuja mkasalimia mkaondoka. Niliyekuwa nalala chini ya kile kitanda cha hospitali ni mimi.

Ukoo wetu sitaueleza, maana ukianza kuelezwa unataka chai birika zima. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hata walimu waliyataja kwa sauti ya chini, na nilikuwa nakaa kwa Bamdogo. Yeye alikuwa fundi wa mbao, mwenye msumeno wake na vijana wake. Mimi vumbi la mbao lilinipigisha chafya, kwa hiyo nilibaki nyumbani nikipika, nikilisha kuku, nikifua na kusikiliza redio. Nilikuwa na furaha kuliko kijana yeyote wa mji ule, na nadhani hilo ndilo lililowaudhi watu. Vijana wa mashineni waliniita mwali. Wakija kula mchana walisema, "Mwali, leo umetupikia nini?" nami niliwapakulia mchuzi wa juu juu, nyama nikaziacha chini ya sufuria. Siku Bamdogo alipoteleza kwenye rundo la magogo na kuvunjika nyonga, ukoo ulikusanyika sebuleni kujadili nani ataenda kumuuguza Mbeya, ambako tuliambiwa ndiko aliko daktari wa mifupa. Nilikuwa jikoni, mlango nusu wazi, nasikia kila kitu.

"Wodi ya wanaume hawataki mwanamke alale," alisema Bamkubwa Festo, kaka yao mkubwa, ambaye kauli yake ndiyo iliyokuwa ya mwisho hata kwenye mambo asiyoyajua. "Nataka mwanaume asiye na kazi."

Kisha mtu akasema, "Mwanaume asiye na kazi tunaye. Anapika."

"Oba? Huyo akitumwa sokoni anaaga kama anakwenda Ulaya."

"Atajifunza huko huko," Bamkubwa akasema, halafu akapaza sauti kuelekea jikoni. "Obadia! Na usijifanye husikii. Leta chai, ukimaliza ufungashe nguo."

Asubuhi ya kuondoka alinishika bega akanipa maagizo. Bamdogo akitoka kwenye nusu kaputi, nisimwache apitiwe. Nimsemeshe. Mtu wa umri ule, alisema, akishalazwa kwa dawa mara moja, akipitiwa tena hajulikani atarudi au atabaki huko huko. Nilimwitikia ndiyo Bamkubwa, kama nilivyoitikia kila kitu maisha yangu yote, nikabeba sufuria mbili, jiko dogo la mkaa na godoro la kukunja.

Wodi ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda pande zote mbili, harufu ya dawa ya kudekia, na dari lenye taa ndefu za tyubu ambazo mojawapo ilikuwa inakonyeza mchana na usiku. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo Mzee Shomari, mfanyabiashara wa vitambaa hapo Mbeya mjini, ambaye babu zake walitoka pwani na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Mguu wake ulikuwa umeninginizwa kwa kamba na uzito, kwa hiyo alikuwa haendi popote, na kwa kuwa haendi popote aliamua kutuchunguza sisi. Nyuma ya wodi kulikuwa na kibanda cha kupikia, ambapo sisi wenye wagonjwa tulipanga majiko yetu, na mchana moshi ulitufanya wote tuonekane tunalia msiba mmoja. Hapo nilikuwa na nafuu. Kuna mama wa Rujewa aliyekuwa anamuuguza mumewe mchana, usiku akilala kwa jamaa, alikuja na mchele wake mwenyewe, na harufu ya wali ule ilinifanya nisamehe nusu ya mambo. Aliniuliza mwanaume gani anachambua mchele haraka vile. Nikamwambia, ndiyo elimu niliyobaki nayo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya kwanza Bamdogo alikunywa uji, akaulizia kuku, akanilaumu kwa chumvi. Siku ya pili, jua lilipokuwa linazama, akaanza kuokota vitu hewani. Nikamuuliza anaokota nini. Akasema, "Vumbi la mbao. Hamfagii hapa?" Kisha akatazama mguu wa Mzee Shomari na ile kamba, akaniamuru, "Mwambieni huyo atoe hiyo mbao ya mbili kwa nne mguuni, mteja anaisubiri." Mzee Shomari akacheka, mimi nikacheka, na hilo ndilo lilikuwa cheko la mwisho kwa siku nyingi. Alichomoa dripu. Alitaka kushuka akawashe mashine, na nyonga ile ilikuwa imefungwa vyuma juzi tu. Usiku wote alikuwa macho makavu, akipima urefu wa watu kwa shubiri na kuwakataa. Mchana alisinzia vipande vipande, kidogo kidogo, kama mtu anayeonja mboga. Mimi mwenyewe hakunijua. Alinitazama kwa muda mrefu, akanigusa mkono, akasema kwa huruma kabisa, "Hili ni banzi. Toeni nje likajenge uzio." Banzi, kwa msomaji asiyetoka Mafinga, ni ile pembe ya gogo yenye magome, inayokatwa kwanza ili mbao ya maana ipatikane. Nimeitwa majina mengi na watu wenye akili timamu, hayakuniuma. Hilo liliniuma.

Daktari aliyekuwa anapita asubuhi alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya mtu aliyekosa usingizi kuliko mgonjwa wake. Nilimshika kwenye korido nikamuuliza kama Bamdogo ameshakuwa mwendawazimu.

"Siyo wendawazimu, na siyo mtu kamtupia kitu," akasema. "Ni kuchanganyikiwa kwa ghafla baada ya upasuaji. Wazee wanapatwa sana. Damu tumeangalia, kidonda tumeangalia, dawa za maumivu tumezibadilisha. Wengi wanarudi. Ila huyu halali."

"Niliambiwa nisimwache apitiwe."

"Nani kakwambia?" Hakusubiri jibu, nadhani alikuwa na Bamkubwa wake pia. "Sikiliza. Kichwani kuna kitu kinaitwa melatonini. Giza likiingia kinapanda, mwili unajua huu ni usiku. Kukicha kinashuka. Uzee unakipunguza, upasuaji unakivuruga, halafu sisi wenyewe tunamwashia taa mpaka asubuhi. Ukiwapima wagonjwa kama huyu, mara nyingi unakikuta kimepungua, au kinakuja saa zisizo zake."

"Basi mpeni hicho."

"Hatuna hapa. Na hata tungekuwa nacho, wataalamu bado wanabishana kama kinasaidia au hakisaidii. Wewe mfanyie mchana uwe mchana na usiku uwe usiku. Asubuhi jua limpige. Avae miwani yake. Mwambie leo ni siku gani na yuko wapi. Jioni giza na kimya."

Nikatazama taa ya tyubu juu yetu, ile inayokonyeza. "Giza nilitoe wapi, daktari?"

"Hapo sasa," akasema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Baiolojia nilipata F, na nilikuwa nimeapa sitaigusa tena. Lakini maneno yale ya korido yamekaa na mimi kuliko chochote nilichofundishwa darasani. Leo hapa Iyunga barabara kuu inapita karibu, malori yanapanda mlima yakilia usiku kucha, na majirani wanaiita nyumba yangu pango la popo kwa sababu ya mapazia yangu. Mke wangu anawaambia wageni, "Msishangae, mume wangu anafuga giza." Na ni kweli. Mtu akilazwa kwenye ukoo wetu, wananipigia mimi, wanalalamika kwamba ni mkali, halafu wananipigia tena. Sijasomea chochote. Nilijifunza tu mwaka mmoja jinsi usingizi wa mtu unavyoweza kuibiwa na watu wanaompenda, mchana kweupe, wakiwa wamebeba chungwa.

Maana mwanga wa taa ulikuwa tatizo dogo. Tatizo kubwa lilikuwa wageni. Kwetu mgonjwa haonwi tu, anasalimiwa, na salamu siyo neno moja. Watu wa kwetu walioko Mbeya walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, na kila jioni saa ya kuona wagonjwa walijipanga. Bamdogo angekuwa ndiyo kwanza amefumba macho. Mgeni angemtikisa kidole gumba cha mguu. "Mzee Zefania! Shikamoo!" Akishtuka akiitikia, angeulizwa za usiku, za maumivu, naye kama mzee mwenye adabu zake angejilazimisha kuuliza za kwao, za watoto, za mahindi. Akimaliza huyo, anakuja mwingine kwa Kihehe, "Kamwene," na safari inaanza upya. Asiposalimia, walitoka nje wakinong'ona kwamba hajitambui. Akisalimia vibaya, akamwita mchungaji gogo la mlingoti, walitoka wakinong'ona kwa sauti zaidi. Nilipowaomba wamwache apumzike, mzee mmoja alinitazama kama mtu aliyemkuta mbwa mezani. "Kijana, nimetoka mbali kwa miguu. Niende nikaseme nilikuja kuangalia shuka?" Halafu wakaimba. Wimbo wenyewe naupenda, na sauti ya pili niliiimba mwenyewe kwa sababu walikuwa wanaikosea. Lakini moyoni nilikuwa nasaga meno.

Katikati ya vurugu hiyo akafika Bamkubwa Festo. Alisimama mwisho wa kitanda, kofia mkononi, na mdogo wake akamwambia, "Wewe ni mfupi, hutoshi hata kenchi ya paa." Bamkubwa alinivuta pembeni.

"Walimfungua nyonga wakamtoa na akili," akasema. "Jumamosi nakuja na lori la mbao, nampeleka nyumbani akaombewe."

"Bamkubwa, daktari anasema nyonga haijashika. Akirushwa kwenye lori hatasimama tena."

"Asimame ili iweje, kama hajui anasimama wapi?"

"Daktari anasema anahitaji usingizi tu. Kuna kitu kichwani kinaitwa..."

"Obadia. Nilikutuma umuuguze, sikukutuma ukasomee udaktari." Akavaa kofia. "Jumamosi."

Hiyo ilikuwa Jumapili. Nilikuwa na siku hizo chache kumrudisha mtu aliyekuwa ananiona banzi, la sivyo wangempakia kama shehena na kile chuma kingechomoka nyongani kabla hawajafika Chimala. Sijawahi kuwa na haraka maishani. Nilianza kuwa nayo siku hiyo, na sikuipenda.

Nilimwendea Sista Tumpe, muuguzi wa zamu ya jioni, mama wa Kinyakyusa mwenye mwili mkubwa na viatu visivyotoa sauti.

"Taa nizime?" akasema. "Mwe! Swichi ni moja wodi nzima. Nikizima, mshipa nitautafuta kwa kunusa?"

"Basi hata juu yake tu, sista."

"Panda ukafungue tyubu kwa meno."

Lakini alikuwa mtu wa kukataa kwanza na kufikiri baadaye. Kesho yake mgonjwa wa kitanda cha dirishani, upande wa pili wa Mzee Shomari, aliruhusiwa, na Sista Tumpe akaja bila kuulizwa akasaidia kumhamishia Bamdogo pale, kwenye kitanda kinachotazama uani. Asubuhi jua lilimpiga usoni. Nilimvalisha miwani, nikamwambia, "Bamdogo, leo Jumanne, uko Mbeya, ulivunjika nyonga, mimi ni Obadia." Akaniuliza kama Obadia ameshakauka au bado mbichi. Nikasema bado mbichi. Nilirudia maneno hayo siku nzima, mpaka Mzee Shomari akaniomba, "Mwanangu, na mimi niambie ni Obadia nani, maana karibu nitasahau jina langu nikumbuke lako." Jioni wageni niliwazuia mlangoni nikiwa na mwiko mkononi, kwa sababu nilikuwa natoka kupika, nao walidhani nimeushika makusudi. Wengi walirudi wakinisema. Siku hiyo nilipoteza jina zuri ambalo sikuwahi kuwa nalo.

Lililobaki lilikuwa giza. Mama wa Rujewa aliniazima kaniki zake mbili nyeusi, nzito. Jumatano, jua likiwa linaelekea kuzama, nilifunga kamba kutoka kwenye fito za dirisha mpaka kwenye chuma cha dripu, nikazining'iniza kaniki kuzunguka kichwa cha kitanda, na juu ya macho ya Bamdogo nikaweka kitambaa laini. Sista Tumpe akaja, akachungulia, akampima mapigo, akasema, "Sawa, mradi napita kumwona." Nikakaa. Bamdogo akazungumza na magogo yake kwa muda, sauti ikapungua, ikawa mnong'ono, kisha nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu Mafinga. Anakoroma. Nakwambia, nimesikia kwaya nyingi, lakini mkoromo ule ulinifanya nitake kusimama. Nikatoka kwa ncha za vidole kwenda kuweka maharage motoni.

Maharage hayakuchemka. Kilio kilitoka wodini, kilio kile cha kwetu kinachopanda kwanza halafu ndiyo kinatafuta maneno. Niliacha mfuniko nikakimbia. Ndani nilimkuta Mama Upendo, mama wa kanisani, jamaa wa upande wa mke wa Bamkubwa, amejitupa sakafuni karibu na kitanda. Alikuwa amefika wakati mimi sipo mlangoni, akakuta vitambaa vyeusi, mtu amefunikwa uso, hatikisiki na hata mkoromo umetulia. Alikuwa ameshatoka nje kupiga simu Mafinga na kurudi ndani kulia vizuri.

"Mama, yu hai!" nikamwambia.

"Nami nimemwambia hivyo hivyo," akasema Mzee Shomari kutoka kitandani kwake. "Nimemwambia, bibie, mwenzangu huyu hajafa, anapumua. Akanitazama, akasema, maskini, hata jirani yake kachanganyikiwa."

Nilimshika Mama Upendo mkono nikauweka juu ya kifua cha Bamdogo, akausikia unapanda na kushuka, akanyamaza, akajifuta uso, akaniuliza kwa hasira, "Sasa mtu mzima umemfunikia nini?" Simu yake ilikuwa imeisha chaji. Nikachukua ya kwangu nikampigia Bamkubwa.

"Bamkubwa, shikamoo. Bamdogo ni mzima."

Nyuma yake wanawake walikuwa wanalia. "Marahaba, mwanangu," akasema taratibu, kwa sauti ya upole ambayo hajawahi kunipa. "Tumekuelewa."

"Hamjanielewa. Mzima kabisa. Mama Upendo amekosea."

"Ndiyo. Jikaze. Wewe ni mwanaume. Tunakuja."

Hapa inabidi nieleze, maana ndipo akili yangu ilipotaka kupasuka. Kwetu habari ya kifo haipelekwi kwenye simu ikiwa mbichi. Unaambiwa mgonjwa anaendelea vizuri, ila njooni. Unaambiwa amepata nafuu, ila msichelewe. Kila mtu aliyewahi kupokea simu ya namna hiyo anajua maana yake, anajibu "tumekuelewa," na anaanza kutafuta nguo nyeusi. Kwa hiyo kila nilipoapa kwamba Bamdogo ni mzima, nilikuwa nazidi kumuua. Nilipiga tena. Nilipandisha sauti, na kule wakasema maskini Oba, uchungu umemzidi. Nikampa simu Sista Tumpe, akasema kwa sauti ya serikali, "Baba, mgonjwa wenu nimempima sasa hivi, yuko hai." Nikamsikia Bamkubwa akijibu, "Asante sana, sista, kwa moyo wako. Mungu akubariki."

Sista Tumpe akanirudishia simu. "Kuna njia moja tu," akasema. "Mwamshe aongee nao. Hata neno moja."

Nikatazama kaniki. Nyuma yake mkoromo ulikuwa umerudi, mzito, wa mtu aliyefika mbali. Kilio chote kile, juu ya kichwa chake, hakikumwamsha. Nikimwamsha atashtuka, ataona taa, atadai msumeno, na wao kule watasikia mtu anawaita magogo na bado watakuja Jumamosi na lori. Nisipomwamsha, lori linakuja kesho. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kusema ndiyo Bamkubwa. Nikaizima simu.

"Waje," nikasema.

"Mwe," akasema Sista Tumpe, akaenda zake kuchoma sindano.

Asubuhi Bamdogo alifungua macho, akatazama dari. Mimi nikashindwa hata kumwambia jina langu, niliogopa atauliza nimekauka. Akapapasa pembeni, nikampa miwani. Akamwangalia Mzee Shomari kwa muda.

"Pole, mzee," akamwambia. "Mguu umepatwa na nini?"

Mzee Shomari akafumba macho, akasema alhamdulillahi, kisha akamweleza ajali yake yote tangu mwanzo, na Bamdogo alisikiliza mpaka mwisho bila kumpima. Nilitoka nje nikalia kwenye kibanda, nikamwambia mama wa Rujewa ni moshi. Lakini sikuwa na uhakika kama Bamdogo amerudi kabisa. Mara mbili asubuhi ile aliuliza mashine imezimwa na nani, akajishtukia, akasema, "Hapana, hapa ni Mbeya." Daktari akapita, akamwuliza maswali, akaniambia anarudi lakini anaweza kuteleza tena, nisiache.

Mchana lori likaingia uani. Nilisikia wanawake kabla sijaliona. Bamkubwa aliingia wodini wa kwanza, koti jeusi, kofia kifuani, macho chini, na alipoinua macho alimkuta marehemu amekaa kitandani anakunywa uji.

"Festo," akasema Bamdogo, "mbona koti la kanisani siku ya Alhamisi?"

Nyuma ya Bamkubwa watu wa kwetu walijazana mlangoni, na hakuna hata mmoja aliyesalimia. Bamdogo alikuwa ameshageuka dirishani. Pale uani, juu ya lori, katikati ya wanawake walioshika vichwa, kulikuwa na jeneza jipya, jeupe, bado halijapigwa rangi. Wale vijana wa mashineni walikuwa wamelitengeneza usiku. Akasogeza miwani puani.

"Lile la nani?"

"Kuna msiba wa jirani," akasema Mzee Shomari haraka.

"Mbao mbichi zile. Moja kwa nane, hazijakaa nje hata wiki, zitapinda kabla ya kufika Makambako. Na kona amefunga nani? Misumari mitupu, hakuna hata ulimi wa kuungia." Akainama mbele zaidi. "Halafu fupi. Marehemu ni mtoto?"

"Mtu mzima," Bamkubwa akajibu.

"Basi mtamkunja." Nikaona analitazama lori, anaitazama kofia ya kaka yake, anatutazama sote, mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe niliona kila mtu anakuwa mtu machoni pake. Akasema taratibu, "Festo. Ni langu?"

Bamkubwa akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaziba uso kwa kofia. Bamdogo akamwekea mkono mgongoni, akampigapiga kama mtoto aliyetapika.

"Rudini nalo," akasema. "Mimi nitakuja nikiweza kutembea, daktari akisema. Na yule aliyefunga zile kona anisubiri."

Hakuna aliyetaja Jumamosi tena. Bamkubwa alipotoka alinishika mkono mpaka mwisho wa korido, tukasimama karibu na ndoo za maji. Nilisubiri. Nilikuwa nimeshaandaa jinsi ya kupokea shukrani kwa unyenyekevu.

"Kwa nini hukusema kwenye simu?" akauliza.

"Nilisema, Bamkubwa."

"Hukusema."

"Nilisema ni mzima, nikasema tena, nikampa sista naye akasema."

"Ulisema kama watu wote wanavyosema." Akatikisa kichwa, akavaa kofia. Uani walikuwa wanafunika jeneza kwa turubai, maana walikuwa na safari ndefu nalo, na kila mji watakaoupita watu wangesimama kando ya barabara na kuvua kofia. "Haya, baki naye mpaka apone," akasema. "Na uache kufunika watu."